Kesho Tunazindua Kitabu cha Mbuzi

Kesho asubuhi, katika ukumbi wa kanisa hapa Ishiara, mzee mmoja mwenye upara na goti bovu atasimama mbele ya watoto na kuitwa mwandishi. Mzee huyo ni mimi, Mwalimu Ireri. Nimestaafu, nina wajukuu, na bado leo mchana nimeshindwa kumaliza sahani ya githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Mke wangu, Mama Njeru, amenitazama nikizungusha kijiko, akasema, "Wewe leo unakaa kama bwana harusi."

Lakini siku ya harusi yetu nilikula vizuri sana.

Naandika haya jua likiwa bado juu, kwa ajili yenu vijana. Nyinyi walimu mnaopewa madarasa ya chini mkadhani mmeadhibiwa. Na nyinyi mnaokuja kwangu siku hizi mkisema mnataka kuandikia watoto kwa sababu ni rahisi. Rahisi! Kaeni hapo niwaambie.

Mimi nilifundisha darasa la kwanza karibu maisha yangu yote ya kazi. Siku hizi mnaliita gredi ya kwanza, lakini watoto ni wale wale na kamasi ni ile ile. Sikuliomba darasa hilo. Nilitoka chuoni nikapelekwa shule moja kule Kibirichia, mimi mtoto wa Mbeere niliyezoea joto, vumbi na ndengu, zile choroko zetu. Nikajikuta kwenye ukungu, katikati ya mashamba ya viazi yasiyokuwa na mwisho, nimevaa sweta juu ya sweta na bado natetemeka. Mwalimu mkuu aliniangalia nilivyo mrefu, akasikia sauti yangu ambayo ni nzito kama trekta, akasema, "Darasa la kwanza halina mwalimu." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Asubuhi iliyofuata niliingia darasani nikasema kwa nguvu zangu zote, "Hamjambo, watoto!" Darasa zima likalia. Siongezi chumvi. Alianza mmoja pale mbele, jirani yake akamuunga mkono, na kabla sijaweka chaki mezani kilio kilikuwa kimefika ukuta wa nyuma.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mwalimu Kinya, aliyefundisha darasa la pili hapo kando, mama mfupi, mnene kidogo, mwenye tabia ya kuchomeka chaki nyuma ya sikio kama fundi wa mbao na penseli yake. Aliwaangalia watoto, kisha akaniangalia mimi kutoka chini hadi juu, safari ndefu.

"Wewe, kaa chini," akasema.

"Kwenye kiti?"

"Kiti gani? Kwa sakafu. Hawa wanaona magoti yako tu. Nani anaweza kupenda magoti?"

Nikakaa sakafuni na suruali yangu mpya ya kazi. Kilio kikapungua. Mtoto mmoja akanyoosha mkono akagusa masharubu yangu, akacheka, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanza kwa kweli.

Mwalimu Kinya alinifundisha mambo ambayo chuo hakikunifundisha. Alinifundisha kwamba darasa likipiga kelele, mwalimu ashushe sauti badala ya kuipandisha, kwa sababu mtoto hapendi kupitwa na siri. Alinifundisha kwamba ukisimulia hadithi usiangalie uso wa mtoto. "Uso unajua adabu," alisema. "Angalia miguu. Miguu ikitulia, ako na wewe. Ikianza kubembea chini ya dawati, huyo ameshaenda nyumbani zamani." Nilimcheka kidogo moyoni. Kisha nikajaribu, na tangu siku hiyo sijawahi kusimulia hadithi bila kutazama miguu.

Sasa niwaambie habari ya mbuzi.

Baada ya miaka kadhaa nilipata uhamisho, nikarudi huku nyumbani. Wakati huo hatukuwa na vitabu vya kutosha wala hizi tableti zenu. Vifaa tulijitengenezea. Mimi nilikuwa naomba maboksi ya sabuni dukani, nayakata, nachora herufi kubwa kwa kalamu ya wino mzito, kisha nazibandika ukutani kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa mzito. Gundi hiyo inashika vizuri. Tatizo lake ni moja tu, nayo ni kwamba ni chakula.

Siku moja, somo la Kiswahili likiendelea, mbuzi wa jirani aliingia. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alipita katikati ya madawati kama mkaguzi wa shule, akafika ukutani, akanusa, akaivuta kadi ya herufi M kwa meno yake na kuanza kuitafuna akituangalia.

Nilishtuka, nikabaki nimesimama. Halafu msichana mmoja anayeitwa Muthoni, mtoto mwenye pengo mbele, akauliza kwa huzuni ya kweli:

"Mwalimu, sasa mama tutamwitaje?"

Sijui jibu lilitoka wapi. Nikasema, "Aa."

"Na maji?"

"Aji."

Mtoto mwingine akaruka kutoka kwenye dawati lake. "Na wewe utakuwa waliu! Waliu! Waliu!"

Basi tena. Siku hiyo hapakuwa na somo lingine. Waliniita waliu mpaka kengele ya kwenda nyumbani, na njiani wakawa wanapiga kelele "Aa! Aa! Nipe aji!" hata wazazi wakaja kesho yake kuuliza ni lugha gani hiyo tunafundisha. Lakini sikilizeni. Wiki nzima kabla ya hapo nilikuwa nimehangaika na watoto wasioweza kutofautisha M na N. Baada ya mbuzi yule, hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyekosea M. Waliijua kwa sababu waliikosa.

Hadithi hiyo nikaifanya yangu. Kila mwaka niliisimulia upya na kila mwaka iliongezeka kidogo. Mbuzi akapata jina, Kamburi, yaani kambuzi kadogo kwa Kimbeere chetu. Akala K, kuku wakawa uu. Akala S, simba akawa imba, na simba asiye na S hawezi kumtisha mtu, anaombwa tu aimbe. Watoto walicheka mpaka wengine wakalazimika kukimbia nje.

Nilipostaafu, binti yangu akaniambia, "Baba, iandike hiyo hadithi." Nikasema itanichukua wiki moja.

Vijana, niliiua. Nilikaa mezani na miwani yangu, nikaona sasa mimi ni mtu wa vitabu, na nikaandika kama mtu anayehutubia siku ya kutoa zawadi. Nilianza na jua, nikaenda kwa milima, nikaeleza umuhimu wa elimu, usafi na utiifu. Nikaenda nayo shule ya hapa karibu, nikaomba kuisoma gredi ya kwanza. Sijamaliza ukurasa wa kwanza, nikatupa macho chini ya madawati. Miguu yote ilikuwa inabembea. Yote! Ilikuwa kama nguo zilizoanikwa siku ya upepo. Mtoto mmoja akainua mkono, nikafurahi, nikadhani ana swali.

"Mwalimu, tunaenda nje saa ngapi?"

Nilirudi nyumbani nikijiona mdogo. Siku chache baadaye nikapanda milima mpaka Kibirichia kumwona Mwalimu Kinya. Naye amestaafu, analima viazi vyake, goti lake ni bovu kuliko langu lakini ulimi uko sawasawa. Nilimkuta ameketi jikoni anamenya viazi. Nikamsomea huku maganda yakianguka kwenye beseni. Alisikiliza kidogo tu, akanyanyua kisu.

"Ireri, mbuzi ako wapi?"

"Anakuja, Mwalimu. Kwanza najenga mazingira."

"Unajenga nini?"

"Mazingira. Milima, jua, kijiji..."

"Mtoto hajatoka kwao kuja kuona milima. Amekuja kuona mbuzi. Mlete."

"Na mafunzo?"

"Ule mbuzi alipoingia darasani, alikuja na mafunzo?"

Akaniwekea kiazi na kisu mkononi, na tulipomaliza kumenya nilikuwa nimeshafuta kurasa zote za mwanzo kichwani. Hadithi mpya inaanza hivi: "Mbuzi aliingia darasani." Ndiyo sentensi bora niliyowahi kuandika, na ilinigharimu karibu mwaka mzima.

Nikairudisha kwa watoto wale wale. Safari hii nilikaa chini. Kamburi alipokula M, yule aliyeuliza tutatoka saa ngapi aliziba mdomo kwa mikono miwili, na chini ya dawati miguu yake ilikuwa imetulia kama mawe. Nilitoka pale nikitembea kama kijana. Nilisahau kofia yangu shuleni.

Kampuni moja ya kuchapisha vitabu iliikubali hadithi, ikanipa mhariri anayeitwa Kendi, msichana wa Meru, mkali na mwenye heshima zote. Ananiita Mwalimu, kisha ananifutia aya nzima. Tuliongea sana kwa simu. Nilikuwa nimeweka kwa siri adhabu ya mbuzi mwishoni, Kamburi anachapwa na kuomba msamaha. Kendi akauliza, "Mwalimu, ni kweli unataka mtoto afunge kitabu akalale huku mbuzi analia?" Nikafuta na hiyo. Sasa mwishoni watoto wanampelekea Kamburi majani mabichi, anapiga chafya, na herufi zote zinatoka. Ni chafya tamu sana. Ikisomwa vizuri, mate yanatoka.

Mchoraji aliitwa Mwenda. Picha zake za kwanza nilizipokea kwa simu, nikaziangalia, nikampigia.

"Mwenda, huyu ni nani?"

"Ni Kamburi, mzee."

"Huyu ni kondoo aliyetoka saluni."

Alikuwa amechora kitu cheupe chenye manyoya mengi, kinene, kimesimama kwenye nyasi za kijani. Nikamwambia mbuzi wa huku ana nywele fupi, ana madoa, ana mbavu zinazoonekana na macho ya mtu anayefikiria kuiba. Aje aone. Na kweli alikuja, siku ya soko. Nilimpeleka mahali mbuzi wanapouzwa, akakaa juu ya jiwe, akaanza kuchora. Watu wakajaa nyuma yake. Mwenye mbuzi mmoja wa madoa mekundu alimtazama kwa muda, akashindwa kuvumilia.

"Kijana, umemwangalia huyu mbuzi wangu kuliko daktari. Sasa unanunua au hununui?"

"Mimi nachora tu, mzee."

"Basi mchore na bei yake."

Soko likaangua kicheko. Yule mbuzi wa madoa mekundu ndiye yuko kwenye jalada. Mwenye mbuzi ameshaambiwa, na amesema kesho atakuja kuangalia kama masikio yamechorwa sawa.

Lakini kitabu hiki nusura kisizaliwe, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, nyinyi mnaotaka kuandika.

Kabla ya kuchapa, Kendi alinitumia kwa simu kurasa zote zilivyopangwa, pamoja na picha. Alinipigia akiwa na haraka. "Mwalimu, mashine inaanza alasiri ya leo. Tukikosa nafasi hii, tunangoja mpaka mwaka ujao. Pitia, ukiona iko sawa niambie tu sawa." Nikapitia. Picha zilinilevya! Kamburi huyu hapa, Muthoni na pengo lake huyu hapa, na jina langu juu kabisa kwa herufi nene. Nikaona kila kitu ni kizuri. Kidole changu kilikuwa tayari kuandika lile neno sawa.

Mama Njeru alikuwa kwenye kibaraza anapepeta ndengu. Akasema, "Si unisomee kwanza, kabla hakijawa cha watu wote?"

Nikamsomea. Alikuwa anatikisa ungo taratibu. Nikafika mahali Kamburi anapokula M, nikageuza ukurasa, nikaendelea kusoma kwa sauti ya maigizo. Ungo ukasimama.

"Baba Njeru, mbuzi amekula M?"

"Ameshakula."

"Na huyo mtoto anayeita mama, hiyo M ameitoa wapi?"

Nikaangalia. Iliandikwa "Mama! Mama! Nipe maji!" Wazi kabisa. Nikageuza ukurasa mwingine: kuku, si uu. Simba, si imba. Kumbe mtu mmoja mwema kule kwenye kupanga kurasa alikuwa ameona aa, akaona aji, akasema moyoni maskini mzee huyu hajui kuandika, akanirekebishia kitabu kizima. Mbuzi alikuwa anakula herufi na hakuna kinachotokea. Mimi mwenyewe sikuona, kwa sababu macho yangu yalikuwa yanasoma kile kilichokuwa kichwani, na yaliyobaki yalikuwa yanatazama jina langu.

Nilijaribu kupiga simu, mtandao umeshapotea. Nikakimbia. Ndiyo, na goti hili, nikapanda kile kilima nyuma ya nyumba ambako mtandao hupatikana, Mama Njeru nyuma yangu akiwa bado ameshika ungo. Nikapiga. Kendi anaongea na mtu mwingine. Nikapiga tena. Bado. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa pili na mimi naona mashine ikitema vitabu vya mbuzi asiye na kazi. Mara akashika.

"Mwalimu? Ni sawa?"

"Simamisha mashine! M haijaliwa!"

"Nini haijaliwa?"

"M! Mama anaitwa mama!"

Nadhani alifikiri nimepatwa na jua. Mama Njeru akaninyang'anya simu. "Mama," akamwambia Kendi kwa upole, "mtu amerudisha zile herufi mbuzi alikula. Kitabu kimekuwa na akili sana. Kizuie."

Nilimsikia Kendi akipiga yowe, kisha viatu vyake vikigonga sakafu, anakimbia kwenye ngazi. Tulikaa juu ya kilima tukingoja. Mbuzi wetu walikuwa wanakula majani ya mgunga pale kando kama vile jambo hilo haliwahusu. Simu ilipolia niliogopa kuishika.

"Tumewahi," Kendi akasema, anahema. "Karatasi zilikuwa zimeshapangwa. Mwalimu, tumewahi!"

Mama Njeru alirusha ungo juu. Ndengu zilizokuwa zimebaki zikatumwagikia kichwani, na tukacheka kama watu wasio na wajukuu. Kwa hiyo vijana, kazi yenu ikikamilika, msiisome peke yenu. Tafuta mtu anayepepeta ndengu, umsomee kwa sauti, na akisimamisha ungo, nawe simama.

Vitabu vilifika juzi, kwenye katoni zilizofungwa kwa utepe. Nilifungua moja nikanusa kwanza. Mwalimu Kinya ametuma ujumbe kwamba anashuka kesho na gunia la viazi, kwa sababu hajawahi kuona sherehe ya watoto inayofaulu bila chakula. Kendi na Mwenda watakuja pia. Na Muthoni, yule wa pengo, ambaye sasa ni nesi kule Manyatta, ameomba ruhusa kazini. Atakuja na mtoto wake.

Leo mchana, baada ya kushindwa na ile githeri, tulienda ukumbini kupanga mabenchi. Mimi nilikuwa napuliza maputo, Mama Njeru anafagia. Mlango ukaingiza kivuli. Alikuwa nyanya mmoja amevaa nguo ya kanisani, viatu vimejaa vumbi, na amemshika mkono mjukuu wake wa kike, mdogo, bado hata shule hajaanza. Mtoto alikuwa amepakwa mafuta mpaka anang'aa.

"Mwalimu, ni hapa kitabu kinasomwa?"

"Ni hapa, mama. Lakini ni kesho."

Nyanya akaangalia mabenchi matupu. "Sisi tuliambiwa ni leo. Tumetoka kule chini, karibu na mto. Kesho sipati mtu wa kumwachia mifugo." Akamwinamia mtoto. "Wawira, twende. Si leo."

Mtoto hakulia. Alitazama tu maputo, moja baada ya jingine, kama mtu anayeyaaga. Hilo lilikuwa baya kuliko kulia.

"Ngojeni," nikasema. Nikafungua katoni, nikatoa nakala moja, nikakaa chini kwenye sakafu iliyofagiliwa. "Ni leo. Kwa Wawira ni leo."

Nikasoma. Nimesomea watoto maelfu ya mara, lakini vijana, safari hii nilipitisha kidole chini ya kila neno kama mwanafunzi. Wawira alisogea kidogo kidogo mpaka akawa ameegemea mkono wangu. Mama alipoitwa aa, alimgeukia nyanya yake kuhakikisha kwamba amesikia. Simba alipoombwa aimbe, alicheka kicheko kimoja kikubwa kilichogonga paa la mabati. Chafya ya mwisho niliipiga vizuri sana.

Nilipofunga kitabu, Wawira alikichukua mkononi mwangu, akaenda akaketi kwenye benchi karibu na nyanya yake, akakifungua mwanzo. Akaanza "kusoma". Kwa Kimbeere. Kidole kinatembea juu ya maneno asiyoyajua, na mdomo unasema hadithi ambayo mimi sikuiandika. Katika hadithi yake Kamburi hakula herufi yoyote. Alikuwa amepotezana na mama yake sokoni, na alikuwa anazunguka akimwuliza kila aliyemkuta. Nyanya yake alikuwa anaitikia, "Ehe. Halafu?"

Mama Njeru alikuja akasimama karibu yangu na ufagio wake. "Si umwambie hukuandika hivyo?" akanong'ona.

"Nyamaza kidogo," nikamwambia. "Mbuzi amefika mtoni, na mama yake bado haonekani."